Pengo la Keely

Pua yangu imevunjika mara tatu, na mara zote tatu imevunjwa na makalio ya Indi. Nasema mapema ili msije mkaniuliza mbona picha zangu zote zinaangalia kushoto. Indi ndiye aliyekuwa akirushwa juu. Mimi na Sefina tulikuwa wabebaji: tunasimama chini, tunashika soli za viatu vyake, tunamnyanyua mpaka mikono inyooke, na akianguka tunageuka godoro. Katika ushangiliaji, huu wa mashindano ya kurushana kwa sarakasi, kabla hujafundishwa hata kutabasamu, unafundishwa kwamba aliye juu hagusi zulia. Wewe gusa. Pua yako iguse. Yeye hapana.

Wa nne wetu alikuwa Keely Brandt, wa nyuma. Wa nyuma hushika vifundo vya miguu ya aliye juu, humpa ule msukumo wa mwisho, na kubwa kuliko yote, ndiye anayehesabu. Moja mpaka nane, kwa sauti. Keely alihesabu kama anapigilia misumari. Mwezi wa nane akaenda Marekani, Chuo cha Harlan Ridge, Kentucky, kwa ufadhili wa kushangilia: ada, chumba, chakula, vyote juu yao. Kutoka Corio yetu, kitongoji cha Geelong, Australia, ambako hata watu wa Geelong penyewe wanapita wamefunga vioo vya gari, hakuna aliyewahi. Tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Melbourne tukilia mpaka Sefina akapoteza kope moja ya bandia.

Nikaamua zamu inayofuata ni yangu. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nakaanga chipsi dukani, nanuka mafuta mpaka mbwa wa jirani alinipenda kuliko mwenye mbwa. Alama za kuingia chuo chochote cha nyumbani sikuwa nazo, na mama alikuwa ameshaniulizia kazi ya kudumu kiwanda cha kuchinja kuku. Harlan Ridge walitaka mbebaji mmoja kwa mwaka unaofuata. Mmoja tu. Na walitaka video mpya, mkupuo mmoja bila kukatwa: nyanyua, zungusha, rusha, daka. Nikipata, naenda. Nikikosa, kuku.

Tatizo ni kwamba tulibaki watatu. Msimu wetu Australia unaisha mwezi wa kumi na moja, lakini Wamarekani wanawaita watu wao mwezi wa nane, kwa hiyo Keely aliondoka katikati. Na Kocha Ronnie, bibi mzima, ana desturi yake. Mtu akiondoka katikati ya msimu, nafasi yake haijazwi. Mnafanya mazoezi mmeacha pengo palepale alipokuwa akisimama, mnalizunguka kama shimo la barabarani, mpaka msimu uishe au mwenyewe aseme kwa mdomo wake, "Lifungeni." Vilabu vingine huacha pengo siku mbili mtu akiwa na mafua. Ronnie anaacha miezi.

"Timu si kochi," husema, "eti uchomoe mto huu uchomeke ule."

Na Keely hakusema lifungeni. Wiki za kwanza alitutumia picha za kindi. Baadaye kimya. Ujumbe unaonekana umesomwa, jibu hakuna.

Siku ya kwanza kujaribu watatu, Ronnie alisimama pembeni mikono mbele tayari kudaka, sigara yake ya umeme mdomoni.

"Mpaka mabegani tu," alisema. "Mkimvunja, mama yake wakili."

"Mama yangu anauza viatu," Indi alisema.

"Basi mvunjeni."

Tukainama, tukamshika. Bila wa kuhesabu, kila mmoja alihesabu kivyake kama walevi kwenye harusi, na mimi nikakaza meno kusubiri maumivu. Indi akaenda juu kama kofia iliyorushwa. Mabegani hakusimama, alipita. Mikono yetu ikanyooka yenyewe, akabaki huko juu kwa mguu mmoja, mdomo wazi.

"Wewe umeacha kula?" Sefina alimuuliza.

"Nimekula pai mbili sasa hivi!"

"Basi sisi ni majitu, dada," Sefina akaniambia.

Nikaamini. Nani angekataa? Wiki ile nilitembea kifua mbele, na dukani nikajitia kubeba magunia ya viazi mawili kwa mpigo bila kuombwa. Mgongo ukanijibu. Viazi vilikuwa vizito vilevile. Ni Indi tu aliyekuwa mwepesi, na kwenye zulia la Ronnie tu, na wakati wa mazoezi ya jioni tu.

Siku chache baadaye, Indi akiwa juu kwa miguu miwili, alisema bila kusogeza midomo, maana tabasamu halitakiwi kuvunjika, "Jorja, siku nyingine shika maji ya moto kwanza. Mikono ya maiti hiyo."

"Mikono yangu iko chini ya kiatu chako."

"Sisemi hiyo. Nasema hii ya kwenye vifundo."

Nikainua macho kadiri shingo ilivyoruhusu. Mikono yangu miwili, soli ya kulia. Mikono miwili ya Sefina, soli ya kushoto. Ronnie alikuwa mlangoni, akimpigia kelele fundi magari wa banda la jirani apunguze redio. Na soksi nyeupe za Indi zilikuwa zimebonyea. Kitambaa kimejikusanya mikunjo midogomidogo, pale vidole vinapokaa. Vidole vyenyewe havikuwepo.

"Mshushe," nikasema.

"Kwa hesabu?"

"Shusha tu, Sefina!"

Tulipomdaka, Indi aliketi akavuta soksi chini. Alama nyekundu, nne kwa nje na moja ya dole gumba kwa ndani, kila mguu. Sefina aliinama kuzitazama. Yeye ni Msamoa wa mtaa wa Norlane, bibi yake kamlea kwa maombi na makofi, na mambo ya namna hii hayafanyii mzaha. Hata hivyo alijaribu.

"Mimi nikilisema hili nyumbani," alisema, "bibi atakuja hapa na mchungaji, na kwaya, na sufuria la sapasui, zile tambi zao, na hatutoki mpaka Jumatatu."

Tukacheka wote. Kisha tukatoka kwa kubanana mlangoni, maana hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Sasa, kabla ya mazoezi, kazi yangu ilikuwa kupitisha mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa adhabu ya kuchelewa ambayo Ronnie alisahau kuifuta. Zulia letu ni la bluu, limelazwa juu ya sponji na springi, na ukipitisha mashine kuelekea upande mmoja, manyoya yake yanalala yote pamoja kama nywele za mtoto siku ya kupigwa picha shuleni. Chochote kinacholikanyaga kinaonekana. Jioni moja nilimaliza, nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikatoka kuwaita wenzangu waliokuwa wanamalizia chipsi zangu juani. Nilitoka na kurudi.

Katikati ya zulia, kwenye pengo, kulikuwa na nyayo mbili. Mbili basi. Za kufika hapo hakuna, za kuondoka hakuna. Ule wa kulia umegeuza vidole ndani. Keely hugeuza mguu wa kulia ndani tangu utotoni. Ronnie alimpigia kelele miaka na miaka, mguu haukusikia.

Nikiwa nimesimama palepale na chipsi moja mkononi, nyayo zikazama zaidi. Polepole, kisigino kwanza. Kama mtu anayekunja magoti kujiandaa kunyanyua.

"Amekufa," Sefina alisema nyuma yangu. "Keely amekufa na hakuna aliyetuambia."

Nikamwandikia palepale: *Uko hai wewe?* Jibu likaja kesho yake, la kwanza baada ya wiki nyingi: *Niko hai. Nimechoka tu. Msinipigie.*

Nilifurahi mpaka nikamchukia. Na nikawapa wenzangu hoja ambayo niliiona ya kisomi sana. "Aliye hai si mzimu. Na asiye mzimu akitaka kutushika mkono, adabu ni kumshukuru. Tupige video."

"Wewe kuku wanakutisha kuliko mizimu," Sefina alisema.

"Ndiyo. Umewahi kuingia kile kiwanda?"

Tukapiga. Alhamisi jioni, mkupuo mmoja. Indi alipanda, akazunguka, akaruka, akatua mikononi mwetu kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Ukutani nyuma yetu bango la mashindano ya mwaka ule linaonekana vizuri. Watu watatu, kazi ya wanne. Ronnie alisema hajaona kitu kama hicho tangu aanze kufundisha, lakini hakukisema kwa furaha. Alikuwa anaangalia zulia.

Jibu la Harlan Ridge lilikuja Jumatatu, kutoka kwa kocha wao, Bi Pruitt. *Binti, hii video ni ya zamani. Keely Brandt yuko ndani yake, nyuma, wazi kabisa, na Keely tunaye huku tangu mwezi wa nane. Hatuchukui watu wanaodanganya.*

Tulijikusanya wanne kwenye simu yangu, tukaicheza video tena na tena. Mimi. Sefina. Indi juu. Hewa nyuma. Ronnie alivaa miwani, akaivua, akaivaa, kisha akampigia yule mama Marekani moja kwa moja, simu ikiwa kwenye spika.

"Bi Pruitt, hebu nisaidie. Unaona watu wangapi?"

"Wanne."

"Mimi naona watatu."

"Mama, macho yangu ni mazima."

"Angalia bango ukutani. Soma mwaka."

Tukasikia video yetu ikicheza upande wa pili, viatu vikipiga zulia, na hesabu. Moja, mbili, tatu. Misumari kabisa. Kwenye simu yangu hakukuwa na sauti ya hesabu.

"Huyu mtoto mmemfanya nini?" Bi Pruitt alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Analala mapema kuliko wote, anaamka mikono inatetemeka kama kashusha lori la mizigo. Madaktari hawaoni kitu. Akiendelea hivi, mwisho wa muhula namtoa kikosini, na kikosi kikienda na ufadhili unakwenda."

Ronnie aliangalia saa ya ukutani, midomo ikimcheza kama anayejumlisha. "Anakuwa amelala wakati gani?"

"Usiku. Kama binadamu."

"Na usiku wenu ukikolea, huku ni jioni. Sisi tuko kwenye zulia."

Indi alikuwa anajisugua vifundo.

"Nataka kuwaona moja kwa moja," Bi Pruitt alisema. "Jumamosi yenu asubuhi. Huku itakuwa Ijumaa, jua halijazama. Keely atakaa hapa pembeni yangu, macho wazi. Huyo mbebaji wenu akiniridhisha, nafasi ni yake. Asiponiridhisha, tusisumbuane tena."

Simu ikakatika. Sefina akanigeukia. "Kwa hiyo Jumamosi Keely atakuwa macho."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hatuna wa nyuma."

"Hatujawahi kuwa naye."

"Tumekuwa naye kila siku, dada. Nguvu unazojivunia ni za mtu aliyelala."

Sikulala vizuri wiki hiyo, na nadhani Keely naye hakulala, kwa sababu Ronnie alifunga banda kwa kufuli na kukataza mazoezi, hakuwa na pa kuja. Jumamosi nilifika wa kwanza. Jua lilikuwa linaingia kupitia bati la plastiki juu, na ile harufu ya sufu ya zamani, maana banda lilikuwa ghala la sufu enzi hizo, ilikuwa imeamka na joto. Nikapitisha mashine. Nikatoka, nikarudi, nikaangalia. Manyoya yamelala safi, hakuna nyayo. Kwa mara ya kwanza pengo lilikuwa tupu kweli, na hilo, niwaambie, liliniogopesha kuliko yote.

Kompyuta ya Ronnie iliwekwa juu ya rundo la magodoro. Bi Pruitt alitokea, nywele ngumu kama helmeti. Pembeni yake Keely, amekonda, macho yameingia ndani, mikono ameikunja kifuani kama ya kuazima.

"Vipi, Pua," alisema.

"Vipi, Misumari. Umekuwa mbaya."

"Wewe hujaanza leo."

"Nyanyueni," Bi Pruitt alisema.

Tukainama. Tukamshika. Na Indi alikuwa mzito! Pai zote alizokula tangu azaliwe zilikuwa mle. Tulifika mabegani kwa kukokotana, magoti ya Sefina yakigongana, mimi sioni kitu kwa jasho. Tukasukuma. Mikono ikakaribia kunyooka. Ndipo Indi akafanya kosa ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumemfundisha miezi yote ile: alijiegemeza nyuma. Hakuyumba, alijiegemeza, kwa raha, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake. Kwenye pengo. Kwenye ile mikono ya baridi ambayo asubuhi hii ilikuwa imekunjwa kifuani huko Kentucky.

Sikufikiri. Nilimwachia, nikajitupa nyuma yake, chali, ndani ya lile pengo ambalo hakuna aliyelikanyaga tangu mwezi wa nane. Indi akatua usoni pangu. Nilisikia pua ikisema neno lake la kawaida. Mikono yangu ilikuwa imemfunga kiuno, miguu yake ikining'inia hewani.

"Amegusa?" Bi Pruitt aliuliza.

"Hajagusa!" Sefina alipiga kelele. "Kagusa Jorja!"

Damu ilikuwa inadondoka kwenye zulia la bluu. Indi analia, ananiomba radhi, ananikalia bado. Kwenye kioo cha kompyuta Keely alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemzoesha. Kila nikilala naota niko hapo nyuma yenu. Naona visogo vyenu. Nanusa chipsi za Jorja. Huku sina hata mmoja anayenitania, Kocha. Kila mtu ananiambia hongera tu. Nikadhani nikisema lile neno, nitakuwa sina pa kwenda."

Ronnie alikuwa ameshaitoa sigara yake mdomoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, ngeni. "Na hao wa huko, umewahi kulala ukawaota?"

"Hapana."

"Hawana nafasi, mwanangu. Kila usiku uko kwangu. Sema."

Keely alifuta pua kwa mkono. "Lifungeni."

"Sema lote."

"Pengo langu lifungeni, Kocha. Nimechoka."

Mimi nilikuwa bado nimelala hapo chini, sikio limeshikana na zulia, kwa hiyo nilisikia vizuri kuliko wote. Sponji chini yangu ilishusha pumzi ndefu, na zulia likainuka kidogo, kama kochi mtu mnene anaponyanyuka.

Ronnie akavua viatu. "Nilikuwa wa nyuma kabla mama zenu hawajazaliwa," alisema, akaingia akasimama juu ya damu yangu. "Inuka, Jorja. Ziba matundu. Tunarudia."

Nikajaza karatasi puani. Tukainama. Na kutoka kwenye kompyuta, mtu aliye macho kabisa akaanza kuhesabu. Sauti ilikuwa inachelewa kidogo kuvuka bahari, kwa hiyo tuliingoja, kila namba, na kwa kuingoja tukaenda pamoja. Indi alipanda, mzito kama Indi. Mikono ya Ronnie ilikuwa ya moto na imejaa mikwaruzo, Indi alituambia baadaye. Alizunguka kama mlango wenye kutu, akaruka, tukamdaka. Haikuwa nzuri. Ilikuwa yetu.

Bi Pruitt alininyooshea kidole. "Wewe mwenye damu. Nguvu nitakupa mimi huku, vyuma vipo. Kuingia chini sijui kumfundisha mtu. Mwezi wa nane uwe hapa."

Mama alilia. Mwenye duka alinipa gunia la viazi kama zawadi, mpumbavu yule, nikalibeba moja tu.

Sasa ni mwezi wa kumi na niko Harlan Ridge. Chumba kimoja na Keely, ambaye siku hizi analala kama jiwe na anakoroma kama trekta, na mashavu yamemrudi. Watu ni wema. Kila mtu ananiambia hongera. Hakuna aliyecheka pua yangu hata mara moja, wanadhani ni adabu. Majani ya miti huku yamekuwa mekundu, sijui yanakusudia nini.

Wiki iliyopita niliamka mikono inatetemeka.

Leo asubuhi Ronnie kanitumia picha. Zulia la bluu, limetoka kupigwa mashine, na kando ya viatu vya Sefina, nyayo mbili. Kisigino kimezama. Kanitumia na sauti, na nyuma yake nasikia watoto wanalia. "Jorja, huyu dogo mpya aliyeshika nafasi ya Indi juu amepanda leo kama kofia. Wote wanasema panatoka harufu ya chipsi. Nakujua wewe. Sema lifungeni, na uliseme kwa mdomo."

Keely alikuwa anasikiliza toka kitandani kwake. Hakucheka. "Sema, Pua. Ni neno moja. Mimi lilinitoa huko."

"Nitasema."

"Lini?"

Nikamwambia mashindano yao ni wiki tatu zijazo, na Sefina yuko peke yake chini na kitoto cha miaka kumi na tano chenye mikono ya tambi, na mtu hawezi kuacha timu hivi hivi. Nitasema wakimaliza. Keely akageukia ukuta.

Jioni imeingia. Wenzangu wa huku wamenialika kula piza, nimewaambia nimechoka. Nimeoga, nimefunga nywele, nimepanda kitandani kabla ya watu wote. Na msimwambie Keely, lakini chini ya blanketi nimevaa viatu.